Wanawake Wasiokuja Jumanne

Jumanne, 2 Machi 2004

Leo ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Nilipanga kadi ishirini mezani, wakaja watatu.

Naanza daftari hili kwa sababu jioni za Bisil ni ndefu na redio yangu imekufa. Mimi ni Ishmael Wamalwa, muuguzi, mwenyeji wa Bungoma. Tangu Januari nimeachiwa zahanati hii ndogo inayotazamana na soko la mifugo. Tuko wawili tu. Mwenzangu ni Sironka, mtu wa makamo anayefagia, anayeteka maji na kunitafsiria Kimaasai. Mke wangu Munyiva yuko Kitengela, anashona nguo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Ana mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitutoka miaka mitatu iliyopita, ikiwa ya miezi saba. Naenda nyumbani kila baada ya wiki mbili.

Kliniki nimeiweka Jumanne kwa makusudi, maana ndiyo siku ya soko. Wanawake wako papa hapa wakiuza maziwa. Kutoka wanapoketi mpaka mlangoni kwangu hazifiki hatua hamsini. Mtu ashindwe hata na hizo?

Jumanne, 9 Machi

Mmoja. Mvua bado. Vumbi limeingia hadi kwenye chupa ya pamba.

Jumatano, 10 Machi

Kikohozi, kikohozi, mtoto aliyeng'atwa na mbwa.

Jumanne, 16 Machi

Hakuja hata mmoja. Soko lilikuwa limejaa. Nilisimama verandani karibu na mzani nikawatazama wanawake wakipita na vibuyu vyao, wengine matumbo yanaonekana wazi chini ya shuka. Nilimwambia Sironka kwamba huu ni ujinga mtupu.

Sironka aliegemea ufagio. "Si ujinga, Daktari. Wewe ni mwanaume. Na mimi ni mwanaume. Sasa mama ataambia nani maneno ya tumbo?"

Hilo nilikuwa nalo moyoni tangu mwanzo, basi nikakubali. Nimeandika barua Kajiado kuomba muuguzi wa kike.

Jumapili, 21 Machi. Kitengela

Nimelala vizuri. Munyiva amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nimekula sahani mbili. Baadaye nilimsimulia habari za wamama wangu wa Bisil. Niliigiza yule aliyeniapia kwamba tumbo lake ni la kushiba maziwa, nikatembea kama yeye mpaka mlangoni na kurudi. Kwa kawaida hucheka hadi anajifuta machozi. Leo alikuwa akipiga pasi koti lake la kazini, akacheka kidogo tu.

"Kliniki ulienda?" nikamuuliza.

"Nilienda."

"Walisemaje?"

"Kila kitu sawa."

Koti hilo ni kubwa mno kwake. Nilimwambia aombe lingine, akasema hilo ndilo analotaka.

Jumanne, 23 Machi

Wawili. Wa pili alikuwa wa miezi saba na hajapimwa hata siku moja. Nilikuwa nimengoja tangu saa mbili, hasira zikanipanda. Nilimwambia akiwa amesimama juu ya mzani, "Miezi saba! Ulikuwa umekaa nyumbani ukifanya nini? Mtoto akifia tumboni utamlilia nani?" Sironka alitafsiri kwa maneno machache sana, nadhani mengine aliyameza. Mwanamke alishuka, akasema anakwenda kumfunga punda wake. Hakurudi.

Jumanne, 30 Machi

Hakuna mtu. Barua imejibiwa: hawana muuguzi wa kike wa kunipa.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua! Imeanza saa tisa mchana. Sironka amesimama nje akilowa kwa makusudi.

Jumapili, 4 Aprili. Kitengela

Naandika haya nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nje. Mvua imekatika kidogo. Udongo mweusi wa Kitengela umenata kwenye viatu vyangu kama buti za pili.

Leo asubuhi, baada ya chai, nilimwomba Munyiva kadi yake ya kliniki. Nilitaka tu kuona kundi lake la damu.

"Wamebaki nayo kliniki," akasema.

Nimeandika kadi hizo miaka tisa. Kadi haibaki kliniki. Mama hurudi nayo nyumbani, na jambo la kwanza tunalomwambia ni asiipoteze. Niliweka kikombe chini.

"Munyiva, umeenda kliniki mara ngapi?"

Akasema, "Sijaenda. Hata siku moja."

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele namna ile katika nyumba hii. Jirani alipunguza redio yake ili asikie vizuri. Nilisema: wewe, mke wa muuguzi! Wewe uliyezika mmoja! Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Yeye alingoja nimalize.

"Kliniki wanafungua saa mbili," akasema nilipoishiwa pumzi. "Ukitoka ni saa saba. Nikikosa kazi siku nzima lazima nieleze. Nikieleza, wamejua. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na mwenye tumbo haitwi tena. Wote tunajua hivyo. Unadhani hili koti ni la nini?"

"Ungeniambia."

"Hiyo ni sababu moja." Alianza kukusanya vikombe, akaviacha. "Ile mimba ya kwanza, nilienda nikiwa na miezi sita. Sista akaniuliza mbele ya benchi lote, ulikuwa umekaa nyumbani ukifanya nini? Akasema sisi ndio tunaua watoto halafu tunakuja kulia. Baada ya mwezi mmoja mtoto akafa. Mimi nikajua nimemuua."

"Hukumuua. Munyiva, hakuna aliyemuua."

"Wewe unasema hivyo leo."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini, Wamalwa? Ukija hapa unaigiza wale wamama wa Bisil. Unatembea kama wao, unaongea kama wao. Mimi nacheka kwa sababu wewe ni bwana yangu. Lakini kila ukiwaigiza naona unaniigiza mimi."

Niliketi. Nilikumbuka yule mwanamke wa punda na maneno niliyomwambia, neno kwa neno yale yale aliyoambiwa mke wangu, kana kwamba sisi wauguzi tuliyasoma katika kitabu kimoja.

"Nitaenda na wewe kliniki," nikasema.

"Sawa. Lakini usiwaambie wewe ni nani."

"Kwa nini?"

"Wakijua mimi ni bibi ya daktari wataniongelesha vizuri hiyo siku. Nikirudi peke yangu je?"

Jumanne, 6 Aprili

Siku ya kliniki. Hakuna mtu. Lakini leo sikusimama verandani kuwatazama kwa hasira. Nilivuka barabara nikaenda dukani kwa Faysa. Hapa kila mtu anamwita Mama Mohamud, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe, Abdiladif, hununua ng'ombe hapa na kuwapeleka Nairobi. Tangu Januari nanunua sukari na majani ya chai kwake na sikuwahi kumuuliza lolote zaidi ya bei.

"Mama Mohamud, nikuulize kitu. Kwa nini wamama hawaji kwangu?"

Alimaliza kwanza kupima sukari ya mtu mwingine.

"Unataka ya ukweli ama ya heshima?"

"Ya ukweli."

"Mzani yako iko wapi, Daktari?"

"Verandani."

"Na veranda inaangalia wapi?"

Niligeuka. Sikuwahi kuitazama zahanati kutoka upande ule. Veranda imeinuka kama jukwaa. Mzani uko katikati yake. Na mbele yake, kwenye uzio wa soko, wameegemea wanaume wote wa mifugo na fimbo zao, Abdiladif akiwa mmoja wao, hawana cha kutazama isipokuwa hapo.

"Mimi nikipanda hapo," Faysa akasema, "soko yote inajua bibi ya Abdiladif iko na mimba na iko na kilo ngapi. Hata shemeji yangu hajui bado. Kwetu hiyo kitu haitangazwi. Hawa Wamaasai pia, mimba changa inafichwa, macho ya watu ni mbaya. Na wewe unaita majina na sauti ya mnada."

"Na mimi kuwa mwanamume?"

"Hiyo pia iko, sitakudanganya. Lakini hiyo ni Mungu amefanya. Mzani ni wewe umeweka."

"Kwa hivyo wewe mwenyewe una…"

"Mimi sijasema kitu. Unataka nusu ama kilo?"

Alhamisi, 8 Aprili

Mimi na Sironka tumeingiza mzani ndani. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Pazia tumelitengeneza kwa shuka mbili za hospitali.

Mchana nilitembea mwendo wa saa mbili kwenye matope hadi bomani kwa Mama Katoo, mkunga wa upande huu. Nimekuwa nikimhesabu adui. Nilimsalimia Kimaasai kama nyanya yangu, "Takwenya, Koko," akaitikia "Iko," akanicheka matamshi yangu, akanipa maziwa. Anajua Kiswahili cha kutosha. Nilimwomba aje akae nami chumbani siku ya kliniki. Alijibu macho yakiwa kwa mbuzi wake.

"Nitakuja. Lakini mkono yangu inashika mama kwanza, yako nyuma. Na hiyo siku ya soko uwache. Siku ya soko mama anauza maziwa, akiwacha maziwa nani anauza?"

Hatua hamsini! Sasa kliniki ni Alhamisi.

Jumatano, 14 Aprili. Kitengela

Nimetimiza ahadi. Kiwandani Munyiva amesema jino linamuuma. Tulifika kliniki saa moja na nusu, tukakuta benchi limejaa. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Wanawake walinitazama, wakanisahau.

Kukaa upande ule wa benchi ni kitu kingine kabisa. Saa nne zilipita na hakuna aliyetuambia lolote. Msichana mmoja aliulizwa kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kama baba wa mtoto anajulikana. Nilifungua mdomo. Munyiva alinikanyaga mguu. Msichana alitoka akitazama sakafu, akapita getini moja kwa moja, kadi yake imebaki mezani.

Ilipofika zamu ya Munyiva, sista alikuwa amechoka hata kukemea. "Miezi sita, mama? Umechelewa," akasema tu, akimfunga mkono kitambaa cha mashine ya presha. Mia na thelathini juu ya tisini. Hiyo ni juu kidogo. Niliijua maana yake kabla sista hajaandika. Aliambiwa apumzike, arudi baada ya wiki mbili.

Njiani nilimwambia, "Hiyo presha tusiichezee."

"Nimesikia," akasema. "Nitarudi." Kadi ameiweka ndani ya Biblia.

Alhamisi, 15 Aprili

Wanne! Mama Katoo alikaa kando ya kitanda kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe. Anashika tumbo, ananiambia mtoto amelala vipi, halafu napima mimi. Hajakosea hata mara moja. Kwa wa tatu ni mimi niliyekosea.

Alhamisi, 22 Aprili

Sita. Mvua kubwa, na bado sita.

Faysa amekuja na mama mkwe wake, Ugbad, akisema amemsindikiza kwa sababu ya maumivu ya goti. Nilimpima mama yule goti kwa heshima zote. Halafu Ugbad akaondoka kitini, akavuta pazia, akamwambia mkaza mwanawe kwa Kisomali neno ambalo hata mimi nilielewa: panda. Miezi mitano na nusu. Presha nilimpima juu ya mkono wa nguo, tumbo akashika Mama Katoo. Ana upungufu wa damu, nimempa vidonge.

Jumatano, 28 Aprili

Munyiva ameenda kliniki peke yake. Amepiga simu: mia na thelathini na tano juu ya tisini. Kiwandani wamemuuliza ana meno mangapi.

Alhamisi, 6 Mei

Saba. Mvua imepungua kabla ya wakati. Wazee wanasema nyasi hazitafika Agosti.

Jumatano, 12 Mei

Naandika nikiwa Kajiado, kwenye benchi la hospitali.

Saa tano asubuhi simu yangu ililia. Ilikuwa Munyiva, kwenye kibanda cha simu Kitengela.

"Usishtuke," akasema. "Presha ni mia na sitini juu ya mia moja na kumi. Mkojo pia si mzuri. Sista amesema niende Kajiado leo leo."

"Kichwa kinauma?"

"Tangu Jumatatu."

"Na hukusema!"

Nilijisikia mwenyewe, nikashusha sauti. "Samahani. Endelea."

"Leo asubuhi msimamizi amenikatalia ruhusa. Amesema meno yangu yameisha. Nikakaa kwenye mashine mpaka saa tatu. Halafu nikaona maua mbele ya macho, kama vimulimuli. Nikazima mashine, nikavua koti, nikaliweka juu ya kiti. Wote wakaona tumbo. Nikatoka."

Katika miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kumwonea fahari kama pale.

Nilimwachia Sironka funguo. Barabarani lori la Abdiladif lilikuwa likipakia ng'ombe kwenda Nairobi. Faysa alinitazama uso, akavuka barabara, akasema maneno mawili matatu kwa mumewe. Abdiladif aliniwekea nafasi mbele, na ng'ombe waliobaki wakaachwa wangoje. Tulipofika Kajiado alisema tu, "Mungu ni mkubwa, Daktari. Enda kwa mama."

Nilimkuta tayari amelazwa. Uso umevimba, miguu imevimba. Amepewa dawa ya presha. Daktari anasema wiki ni thelathini na moja, wanataka mtoto akae ndani kadiri awezavyo. Angekosa kliniki leo, angekosa wiki ijayo pia. Najua jinsi hesabu hiyo inavyoishia, nimeiona kwa wengine. Siiandiki hapa.

Ijumaa, 14 Mei

Mia na hamsini juu ya mia. Analala upande wa kushoto. Ameomba ndizi.

Alhamisi, 20 Mei

Nimerudi Bisil kwa siku moja, kwa ajili ya kliniki. Tisa. Habari zilikuwa zimenitangulia kwenye lori. Mama Katoo aliniuliza mbele ya wote, "Bibi yako alikuwa haendi kliniki?"

Ningeweza kujibu kwa heshima. Wanawake tisa walikuwa wakisikiliza, na mmoja wao alikuwa yule wa punda, amekaa mwisho kabisa karibu na mlango.

"Alikuwa haendi," nikasema. "Aliogopa kazi. Na aliogopa watu kama mimi, tunaokemea."

Mama Katoo alitafsiri. Yeye hakumeza neno. Mwanamke wa punda akasema kitu na wengine wakacheka, si kwa ubaya.

"Anasema nini?"

"Anauliza, bibi yako pia alisema anaenda kufunga punda?"

Nilicheka mpaka nikaketi. Mwanamke huyo alibaki hadi mwisho. Mtoto wake anacheza vizuri, kichwa chini. Nilimwomba radhi. Sijui kama kwa Kimaasai ilisikika nilivyotaka.

Jumamosi, 29 Mei

Mia na arobaini. Jua kali sasa.

Jumatatu, 14 Juni. Kajiado

Presha ilipanda tena jana, wakaamua kumwanzishia uchungu. Niliambiwa ningoje nje, nikangoja nje. Saa kumi jioni nilisikia sauti nyembamba kama ya paka. Msichana. Kilo mbili na gramu mia moja. Anapumua mwenyewe.

Munyiva alikuwa mweupe wa midomo lakini macho yako wazi. "Umemhesabu vidole?" akaniuliza.

"Vyote vipo."

"Hesabu tena."

Mvua imekwisha, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu ameitwa Nasimiyu, mtoto wa kiangazi. Munyiva amekubali, kwa sharti kwamba jina la pili apewe la mama mkwe wangu.

Alhamisi, 17 Juni

Kumi na mmoja, na sikuwepo; nimefika Bisil jioni. Mama Katoo aliwashika wote na Sironka akaandika majina kwa herufi kubwa, kimya kimya. Kesho nawapima presha wale wa karibu.

Jumapili, 27 Juni. Kitengela

Tuko nyumbani siku ya sita. Mkataba wa Munyiva haukuandikwa upya, kama alivyojua. Hakulia. Alisema atatafuta cherehani yake mwenyewe, na nikasema tutatafuta.

Leo baada ya kanisa wamekuja wageni wawili, wenzake wa kiwandani, Keziah na mwingine ambaye simjui. Walimshika mtoto, wakamsifu nywele, wakanywa chai. Niliona hawaondoki. Keziah alitazama mlango, akainuka akaufunga, akarudi akaketi. Halafu akafungua vifungo vya sweta yake kubwa. Miezi mitano, labda sita.

"Hakuna anayejua," akamwambia Munyiva, si mimi. "Na huyu pia." Yule wa pili aliinamisha kichwa. "Tulikuona siku ile ulivua koti. Kliniki hawafungui Jumapili. Tukasema, labda mzee wako…"

Mashine ya presha ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kuichukua. Nilikuwa na maswali yangu yote tayari: wiki ngapi, damu, uvimbe, kwa nini mpaka leo.

Munyiva alinipa mtoto.

"Toka kwanza," akasema. "Tuongee. Nitakuita."

Nilitoka. Nje jua lilikuwa la saa nane, udongo umekauka na kupasuka vipande. Nilisimama chini ya ukingo wa bati, Nasimiyu amelala kifuani, nikisikia sauti za wanawake watatu ndani, ya mke wangu ikiwa ndiyo ya chini zaidi. Muda mrefu ulipita. Mlango haukufunguliwa, nami sikubisha.